Sikukuu ya Siku Tatu: Nani Hupumzika?

Siku za mapumziko zinapokaribia, nyumba nyingi za wafanyakazi husikia swali moja kutoka kwa watoto: "Baba, safari hii tutakwenda wapi?" Wazazi wengi tunalo jibu tulilolizoea: "Tutaona." Watoto nao, ambao si wajinga, wamekwisha kujifunza kwamba "tutaona" maana yake ni "hatuendi." Jumapili hii napenda tuzungumze juu ya safari fupi ya familia, ile ya siku mbili tatu za sikukuu. Tutazame jinsi ya kuipanga ili ikae ndani ya uwezo wa mshahara, na ili kila aliyeondoka nyumbani arudi amepumzika.

Nasema "kila aliyeondoka" kwa makusudi. Mwaka jana nilikosea, na huenda kosa langu likamfaa mwenzangu.

Ilikuwa Pasaka. Sikukuu hiyo ni zawadi kwa mfanyakazi, kwa kuwa kila mwaka huanza Ijumaa Kuu na kumalizika Jumatatu, siku nne mfululizo. Mimi, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma, nilikaa usiku mmoja peke yangu na karatasi yangu nikaandika: Ijumaa Ujiji, Jumamosi Gombe kuwaona sokwe, Jumapili kuwatembelea ndugu, Jumatatu ufukweni. Sikumwuliza mtu. Asubuhi nikaitangaza ratiba hiyo mithili ya kamanda anayetoa amri.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, tukashinda ndani. Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa Kibirizi, watoto wamevaa viatu vipya. Wenye boti wakatueleza kwa upole kwamba boti za abiria ziendazo vijiji vya kaskazini huondoka mchana, na kurudi ni kesho yake asubuhi. Atakaye kwenda na kurudi siku ile ile hana budi kukodi boti nzima, na bei yake ilizidi fedha zote nilizokuwa nazo. Tukarudi nyumbani na viatu vyetu vipya. Jumapili kwa ndugu, mama watoto aliingia jikoni asubuhi kuwasaidia wenyeji wetu, akatoka jioni. Jumatatu tulifika ufukweni, naye alikuwa amebeba sufuria, mkaa, mchele na mtoto mgongoni. Sisi tukaogelea, yeye akapika.

Usiku ule nikamwuliza kama amefurahi. Akanijibu bila hasira: "Baba watoto, wewe ulikuwa safarini. Mimi nilikuwa jikoni, ila jiko ndilo lililosafiri."

Ndugu msomaji, usingizi haukunijia upesi.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja: aipangaye safari peke yake huifurahia peke yake. Kwa hiyo mwaka huu, wiki kadhaa kabla ya Idd el-Fitri, tuliitisha baraza la nyumbani. Tulikubaliana kwamba kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, ataje jambo moja tu analolitaka, na kwamba hapana atakayecheka. Kifungua mimba wetu, aliye darasa la sita, alisema anataka kuiona Ujiji. Nikashangaa. Ujiji iko kilomita chache tu kutoka mlangoni petu! Akaniambia kwamba mwalimu alipowafundisha habari za misafara ya kale alimwuliza yeye, mzaliwa wa Kigoma, aeleze mji ulivyo, naye akanyamaza kwa kuwa hajapata kuuona. Mdogo wake alitaka kuona watu wakitengeneza mtumbwi. Kitinda mimba alitaka soda. Mama watoto alisema: "Nataka siku mbili nisishike mwiko." Mimi nikataka kuona taa za wavuvi ziwani usiku.

Tazama jinsi matakwa hayo yalivyo mepesi. Hapana aliyetaka kupanda ndege. Mzigo mkubwa wa mwaka jana niliutunga mimi mwenyewe.

Baada ya kusikilizana, tulitazama kalenda, na pamoja na kalenda tukautazama mwezi. Kwa watu wa Ziwa Tanganyika hilo si jambo dogo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Mwanga huo huwavuta samaki juu wakati wa giza, lakini mwezi ukiwa mpevu taa hushindwa nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Sasa fikiri, msomaji. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo mwezi huwa bado mpana angani. Idd el-Fitri, kinyume chake, huja mwezi unapoandama, na usiku wake ni wa giza. Atakaye kuuona ule mji wa taa uelekeao majini, na kula dagaa wabichi asubuhi, basi aje wakati wa Idd el-Fitri. Aulize vilevile kama uvuvi umefunguliwa, kwa maana mwaka 2024 ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana.

Kisha tukapunguza. Gombe tuliiacha. Hifadhi hiyo, ambayo Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wake mwezi Julai 1960 na ambayo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, iko yapata kilomita 16 kaskazini ya Kigoma, na hufikiwa kwa njia ya ziwa. Yataka siku zake, viingilio vyake, na kuuliza mapema masharti ya umri wa watoto. Tumeiwekea akiba ya likizo ndefu. Kuiacha Gombe kuliumiza kidogo, lakini safari fupi huharibiwa na wingi wa mambo kuliko uchache wake. Hata Waitalia, ambao Jumatatu ya Pasaka kwao pia ni sikukuu, siku hiyo wana desturi ya kutoka mjini na vyakula vyao kwenda mashambani au mji wa jirani. Mwenye mji kama Roma huona fahari kwenda karibu. Sisi kwa nini tuone haya?

Nilitaja haya kwa sababu majirani walitucheka. Tuliamua kwenda Ujiji na kulala huko, katika nyumba ya wageni ya kawaida, vyumba viwili. "Mtu wa Mwanga analala Ujiji!" wakasema. Lakini tulikuwa tumepiga hesabu. Lau tungerudi nyumbani jioni, nani angewasha moto, nani angechota maji, nani angeosha vyombo? Bei ya vyumba vile ndiyo iliyokuwa bei ya mapumziko ya mama watoto. Tukaona si ghali.

Na fedha? Tulianza kuzitenga mishahara mitatu kabla, kidogo kidogo, bila kugusa karo wala kodi ya nyumba, na bila kukopa. Sikukuu iliyokopwa huliliwa mwezi mzima. Tuligawa fungu letu sehemu nne: nauli, malazi na chakula, viingilio, na dharura. Nauli ya kurudi hutengwa kwanza kabla ya yote. Hata kama fedha zako unaziweka katika simu, ziandike pia katika daftari, kwa kuwa simu haikuulizi soda ya pili ni ya nini. Ufikapo mahali uliza bei kabla hujapanda, kabla hujala, kabla hujalala. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ni ile iliyonikuta Kibirizi.

Sasa nikueleze Ujiji yenyewe. Tuliteremka kwa daladala asubuhi ya sikukuu, barabara zimejaa watoto wenye nguo mpya. Tulivaa kwa heshima, tukawapa wenyeji mkono wa Idd, tukakaribishwa kama ndugu. Kwanza tulikwenda penye ukumbusho wa Livingstone, ambapo pana mnara, makumbusho, na miembe inayosemwa kuwa ni kizazi cha mwembe wa zamani. Ndani mna sanamu mbili za kimo cha mtu, Stanley na Livingstone wakisalimiana.

Hapo, mzazi, usiwaachie watoto wako hadithi ya Wazungu wawili tu. Mwambie mwanao kwamba Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha mwisho cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na kwamba Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliukuta mji una soko lake. Mweleze juu ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu mabegani, na juu ya watu waliovushwa ziwa kutoka Manyema wakiwa watumwa, wakaswagwa kuelekea pwani. Mtajie Susi na Chuma, ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 waliongoza wenzao kuupeleka mwili wake mpaka pwani. Nilimwambia binti yangu kwamba msafara wa Stanley ulitoka Bagamoyo Machi 1871, na mkutano ule kwa kawaida huandikwa kuwa ulikuwa Novemba mwaka huo: takriban miezi minane ya kutembea. Akanitazama, akasema: "Na sisi kutoka Mwanga imetuchukua miaka kumi na miwili." Huo ndio umri wake. Sikuwa na la kujibu.

Kutoka hapo tuliishuka barabara hadi ufukweni, penye mafundi wanaotengeneza boti za mbao. Mtoto wa pili alikaa pale saa nzima akitazama jinsi mbao zinavyopindwa na nyufa zinavyozibwa. Hatukumharakisha. Mchana tulikula kwa mama ntilie: ugali kwa migebuka iliyoungwa kwa mawese. Mama watoto alikula akiwa ameketi, chakula kingali cha moto, na mtoto mdogo alikuwa kwangu. Kabla ya kuondoka nyumbani tulikuwa tumegawana kazi: mkoba wa maji na dawa ni wa baba, mtoto mdogo ni wa zamu, na nguo chafu hurudi chafu.

Usiku tulitoka sote kutazama ziwa. Gizani kulikuwa na taa nyingi mno, zimepangana kama mji mwingine uliojengwa majini. Kitinda mimba akauliza mji ule unaitwaje. Nikamweleza kwamba wale ni baba za watoto wenzake, wako kazini hata siku ya sikukuu, juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Akawapungia mkono.

Siku ya pili tulirudi polepole tukapitia Kigoma mjini. Tuliwaonyesha watoto kituo cha treni kilichojengwa na Wajerumani, mwisho wa reli iliyofika hapa mwaka 1914, na bandari ambako meli ya Liemba ina historia ndefu. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na treni, ikaungwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Mtoto akisikia kwamba meli ilipanda treni, hatalisahau somo hilo.

Machache kwa usalama. Usimwache mtoto aingie ziwani mahali usipopajua. Uliza wenyeji kwanza, kwa kuwa mamba wapo na kina huanza ghafla. Botini, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, na boti iliyojaa kupita kiasi iache iende. Kunyweni maji yaliyochemshwa, na laleni ndani ya chandarua.

Nanyi wasomaji wa mbali, mpimeni umbali kabla ya hamu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Siku tatu za sikukuu zingeishia njiani. Mje kwa likizo ya mwaka. Kwa siku tatu, mkazi wa Dar es Salaam anayo Bagamoyo, ambako safari ya Stanley ilianzia, na aliyeko Tabora anayo Kwihara, nyumba aliyokaa Livingstone. Kila mji una Ujiji yake, iliyo karibu mno hata hapana anayekwenda.

Tulifika nyumbani saa tisa alasiri, mapema kwa makusudi, ili kesho yake kila mtu aamke na nguvu za kazi na shule. Jioni ile moto niliuwasha mimi. Ugali ulikuwa na mabuje, lakini hapana aliyelalamika. Mama watoto aliketi mkekani, miguu ameinyosha, akimsikiliza binti yetu akitunga insha ya kumpelekea mwalimu.

Basi, ndugu msomaji, itisha baraza lako kabla sikukuu haijabisha hodi, na swali la kwanza mwulize yule ambaye katika safari iliyopita alikuwa jikoni. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia mapumziko mema.