Uhuru Ambao Mtoto Hakuuomba



Baada ya Misa ya Dominika iliyopita alitujia baba mmoja wa jumuiya, amejaa hasira. Amesikia kwamba huko Marekani mtoto wa miaka 14 aweza kwenda mahakamani kuwakana wazazi wake, akatuomba tulikemee jambo hilo mimbarini. Tumelitafakari juma zima. Kwa heshima zote kwake, hatutalikemea jinsi alivyotaka.

Kwanza, sheria ya jimbo la California haisemi hivyo. Kijana anayeomba kuhesabiwa mtu mzima kabla ya miaka 18 sharti awe ametimiza 14, awe anaishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao au kwa kunyamaza kwao, asimamie fedha zake mwenyewe, na kipato chake kiwe halali. Akikubaliwa, aweza kutia sahihi mkataba wa nyumba na kuridhia matibabu yake, lakini kura hapigi, wala hasamehewi shule. Na wazazi? Wanafunguliwa wajibu wa kumtunza. Hapo ndipo palipotuchoma. Anayewekwa huru, tukisoma vizuri, ni mzazi pia: amefutiwa deni. Tena sheria hiyohiyo humhesabu huru kijana aliyefunga ndoa halali, bila ombi jingine.

Ndoa! Hapo tusikimbilie kuwacheka wenzetu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya baba, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba; Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikasimama palepale mwaka 2019. Kule California kijana ndiye anayeomba. Huku aliyeridhia alikuwa baba, na mahari akapokea yeye. Wala sisi wa Kanisa tusijifiche: kanuni ya 1083 ya Sheria za Kanisa yataja miaka 14 kwa mwanamke, ingawa ile ya 1072 yatuagiza wachungaji tuwaepushe vijana na ndoa kabla ya umri uliozoeleka mahali pao.

Amri ya nne twaijua. Twaifundisha kila mwaka kwa watoto wa Komunyo ya kwanza. Lakini haijapata kuwa hati ya kumiliki mtu.

Na yule binti wa kazi anayewabebea mtoto Misa ya kwanza? Naye anaishi mbali na wazazi, naye anafanya kazi. Hakimu gani alimsikiliza? Kijana wa California sharti aonyeshe kwamba fedha zake anazisimamia mwenyewe. Mmoja wa mabinti hawa, mwenye miaka 13, alitwambia kwamba mshahara wake hutumwa moja kwa moja kwa baba yake kijijini, hajaushika hata mara moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka miaka 14, na hiyo kwa kazi nyepesi tu.

Baba aliyetujia anaye binti wa namna hiyo nyumbani. Tulimwuliza ametoka kijiji gani. Hakukijua. Ameturuhusu tuyaandike haya, nasi twamshukuru.

Alhamisi saa kumi jioni ofisi ya parokia itakuwa wazi. Mwenye binti wa kazi aje naye, pamoja na namba ya simu ya wazazi wake. Tutamsikiliza yeye kwanza, ninyi mkingoja nje.