Kabla hujakubali sindano ya mzio

Na Rehema Kibwana

Sindano za kuuzoesha mwili kile kinachouletea mzio zinafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu tangu niandike kuhusu pumu, wasomaji wameniuliza kama ni matibabu ya kweli au ni njia nyingine ya kuwatoa watu fedha. Ni matibabu ya kweli, tena ya zamani. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's, London, alichapisha matokeo ya kuwadunga wagonjwa maji yaliyotengenezwa kwa chavua ya nyasi, akiongeza kipimo kidogo kidogo kadiri walivyostahimili. Noon alifariki 1913 kwa kifua kikuu, mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi hiyo, na msingi wake ni ule ule hadi leo. Unapewa kitu kile kile kinachokudhuru, kwa kiasi kidogo mno, kila wiki kwa miezi kadhaa, halafu mara moja kwa mwezi kwa miaka 3 hadi 5.

Ni hiyo miaka ninayotaka tuifikirie, kuliko maumivu ya sindano. Utafiti uliochapishwa 1999, uliofanyika London, uliwafuatilia watu waliodungwa dawa ya chavua ya nyasi kwa miaka 3 hadi 4. Walipoacha, nafuu yao iliendelea kwa angalau miaka 3 mingine. Mwaka 2017 ukaja utafiti mwingine wa huko huko, safari hii wa matibabu ya miaka 2 tu. Mwaka mmoja baada ya kuacha, waliotibiwa hawakuwa na tofauti na waliopewa dawa bandia. Kwa hiyo anayeishia njiani asidhani amepata nusu ya faida. Nafuu atakayoipata ni ya kipindi kile tu alichokuwa akidungwa.

Sasa mfikirie mama wa Kondoa au Lushoto. Wataalamu wa mzio ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Ataweza kupanda basi kila wiki kwa miezi sita? Mwajiri wake atamvumilia? Dawa yenyewe hutoka nje ya nchi na lazima ikae kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikikosekana kwa wiki kadhaa, hawezi kuendelea pale alipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipimo kinashushwa na ngazi zinapandwa upya. Mimi ningemshauri asianze mpaka kliniki imweleze waziwazi dawa ya mwaka mzima itapatikanaje na kwa gharama gani.

Kabla ya hapo kuna swali jingine: ana mzio wa nini hasa? Kipimo cha ngozi hutoa jibu kwa dakika 15 hivi. Matone huwekwa mkononi, ngozi huchomwa kidogo, kisha huangaliwa ni wapi panavimba. Dawa kama Piriton na setirizini husimamishwa siku kadhaa kabla, la sivyo kipimo kitadanganya. Kwa sisi wa ukanda wa pwani wenye unyevu, mshukiwa mkubwa ni utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huishi kwenye godoro na mito vikila magamba ya ngozi yetu. Huyo ana sindano zake, na nchi nyingine zina vidonge vyake vya kuweka chini ya ulimi. Mzio wa karanga au kamba hautibiwi kwa sindano hizi, na anayekuahidi hivyo mkwepe.

Halafu ipo dawa ya steroidi ya kupuliza puani. Wengi huipuliza mara mbili wanapopiga chafya, wakaitupa kabatini na kusema imeshindwa. Inataka kutumiwa kila siku, kwa wiki 2 hadi 4, ndipo uihukumu. Ambaye hajaitumia hivyo, kwa maoni yangu, bado hajafika kwenye sindano.

Kuna sindano nyingine kabisa, na hii inaniuma. Mtu anaingia zahanati macho yanawasha, pua imeziba, anadungwa, na kesho yake yuko mzima. Baada ya wiki kadhaa anarudi, anadungwa tena. Mara nyingi alichopewa ni steroidi, pengine ya aina inayokaa mwilini kwa wiki nyingi. Hiyo haiuzoeshi mwili chochote. Inazima dalili, na ikirudiwa mara kwa mara hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo. Mgonjwa ana haki ya kujua jina la dawa anayodungwa na kuandikiwa kwenye daftari lake. Muuguzi asiyetaka kulitaja asiruhusiwe kudunga.

Hatari ya sindano za kweli pia isifichwe. Uingereza ilizibana mwaka 1986 baada ya vifo 26 kuripotiwa tangu 1957. Marekani, uchunguzi wa baadaye ulikadiria kifo kimoja katika sindano zipatazo milioni 2.5. Ni nadra sana, lakini unadra huo unatokana na masharti: mgonjwa hukaa kliniki dakika 30 baada ya kudungwa, adrenalini iko karibu, na mwenye pumu isiyodhibitiwa hadungwi kabisa. Anayetumia dawa za presha kama atenololi amwambie daktari mapema, kwa sababu zinaweza kuzuia adrenalini isifanye kazi ipasavyo. Kliniki inayokuruhusu kuondoka papo hapo ili upishe foleni, usirudi.

Kundi moja silionei shaka hata kidogo, nalo ni watu ambao nyuki au nyigu mmoja tu akiwauma wanavimba koo, presha inaanguka na wanapoteza fahamu. Sindano za sumu ya nyuki huwakinga karibu 8 kati ya 10, na za nyigu zaidi ya 9. Hapo hatuzungumzii tena mafua ya kero, tunazungumzia uhai. Nawafikiria wafugaji wa nyuki wa Tabora na Singida, ambao wanaipatia nchi asali na nta wakiwa maporini, saa nyingi kutoka hospitali. Wizara ya Afya ikitaka kuanza mahali na matibabu haya, ianze na wao katika hospitali za rufaa za kanda, na wakati huo huo ihakikishe adrenalini haikosekani kwenye zahanati zilizo karibu na mizinga.