Kutunga kwa Ajili ya Aliyetunguliwa

Kiswahili kimeyaweka karibu matendo mawili yanayopingana. Kutunga ni kupanga shanga katika uzi, na ndiko kupanga maneno katika shairi. Kutungua ni kuzitoa shanga uzini. Ni kuangusha embe lililo juu mtini. Na katika lugha ya vita, ni kuangusha ndege. Nimeyakumbuka maneno haya kwa sababu ya marubani watatu wa Tanzania.

Jeshi la Idi Amin liliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere aliwatangazia wananchi kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui tunavyo. Siku hizo hizo, ndege tatu za jeshi letu zilikuwa zikielekea Mwanza. Wapiga mizinga wetu waliokuwa Musoma wakadhani ni za adui, wakazitungua, na marubani wakafa. JWTZ yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 14 tu. Vita vya angani vilikuwa vigeni kwa aliyeruka na kwa aliyemlenga.

Vita vile vina utenzi wake, uliotungwa na Henry Muhanika na kuchapishwa mwaka 1981. Kabla yake, Hemedi Abdallah alitunga juu ya vita vya Wadachi, na Shaaban Robert juu ya Vita vya Uhuru. Utenzi wa namna hiyo hubeba majeshi, miji na miezi. Rubani mmoja ana haki ya tanzia yake mwenyewe, fupi, inayomtazama yeye peke yake.

Tatizo ni kwamba tanzia zetu za askari huandikwa kwa haraka kila Julai 25, Siku ya Mashujaa. Neno "shujaa" ni la haki, lakini kwa mtunzi mvivu ni kina kinachojileta chenyewe, na kikishafika huziba kila swali. Msibani hapa Kitandililo, kama kwingi Tanzania, husomwa historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua nini, alifariki saa ngapi. Waombolezaji hawatosheki na sifa tupu. Kwa nini basi shairi limpe rubani kidogo kuliko anachopewa mkulima kaburini?

Wapo watakaosema kwamba kutaja mkono uliomuua ni kulifedhehesha jeshi na kuwatonesha wafiwa. Naona kinyume. Mfiwa hatoneshwi na ukweli kama anavyotoneshwa na ukimya. Na yule mpiga mzinga naye alikuwa mtoto wa nchi hii, aliyelinda anga kwa hofu ya siku ile. Tanzia si hukumu. Inaweza kuwalilia wote wawili. Ubeti mmoja unatosha kuonyesha kwamba hilo linawezekana:

Adui hakutungua,
ni nduguyo, hakujua;
nasi tunakuchukua
kwa jina na kwa ukweli.

Aliyekufa kwa risasi ya wenzake hakuitumikia nchi pungufu ya aliyeuawa na adui. Aliitwa, akaruka. Tukimwimba, tuseme pia jinsi alivyoanguka, maana kifo hicho ni sehemu ya utumishi wake, na tukikificha tutakuwa tumemtungua mara ya pili.