Kamera Mnaigombania, Mikanda Mnaichoma

Mwezi uliopita kijana mmoja alinipigia simu kutoka Dar. Ameona picha ya kamera ya marehemu mjomba wangu, Pentax K1000, anataka kuinunua aiweke kwenye rafu ya mgahawa wake. Habari za mikanda hakuuliza. Siku hiyohiyo, uani kwetu Singida mjini, nilikuwa nimenyang'anyana na binamu yangu maboksi mawili ya viatu yaliyojaa negativu. Alishashika kiberiti.

Tunaokoa kisichohitaji kuokolewa. Kamera hii ilitoka mwaka 1976, ikatengenezwa hadi 1997, zaidi ya milioni tatu. Hii ikipotea, utapata nyingine.

Na ninyi mnaosifu urahisi wake, hamjaishika siku ya mnada Kiomboi. Haikuchagulii chochote. Kibetri chake kinaendesha kipima mwanga tu. Kikiisha, kamera inaendelea kupiga kama kawaida. Ukichungulia unaona mshale, na ukikaa katikati, maelekezo yanasema piga. Mjomba hakuutii. Wateja aliwasimamisha mbele ya ukuta wa chokaa, jua la saa saba likiwaka. Kipima mwanga hakijui uso ni upi na ukuta ni upi. Weupe wa ukuta unakidanganya, na nyuso za watu weusi zinatoka giza tupu. Kwa hiyo alifungua lenzi hatua moja, pengine mbili, kupita alivyotaka mshale. Mkanda una picha 36, wateja wametanguliza nusu ya malipo. Akikosea, hasara yake.

Uamuzi huo haumo kwenye chuma. Nimeinua negativu moja dirishani: ukuta ni mweusi tii, kama inavyopasa, lakini kwenye uso wa bibi harusi naona mpaka jasho la juu ya mdomo.

Sisi wa vyuoni ndio tunaoniudhi zaidi. Niko shahada ya uzamili. Tumekaa semina nzima tukimjadili Seydou Keïta wa Bamako, ni haki yake, ila hakuna aliyeulizwa kwao picha alipiga nani. Nami nilinyamaza.

Kamera sijauza. Nyumbani wanasema nina choyo, maana ada bado nadaiwa. Yule kijana nimemwambia akipata skana ya negativu aje nayo, ataishika kamera mchana kutwa. Hajajibu. Maboksi nimeyasogeza chini ya kitanda changu, mbali na bati linalovuja.