Uzeeni Nako Kuna Mpaka: Tuandae Nyaraka Mapema

Wewe unayejifunza Kiswahili katika wilaya hii ya Rubavu umezoea kusikia mpaka ukitajwa kama jambo la biashara: mboga, maziwa, na akina mama wanaovuka Petite Barrière tangu alfajiri. Leo nakuomba tuutazame mpaka huo kwa jicho la mzee aliyemaliza kazi. Yuko Mnyarwanda aliyetumika Goma au Bukavu miaka mingi. Yuko mwingine ambaye watoto wake wamehamia Kampala, Nairobi au Mwanza, naye anatamani kumalizia siku zake karibu na wajukuu. Swali lake ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: nitaishi huko kwa karatasi gani?

Tuanze na maneno, kwa sababu raia asiyejua jina la haki yake hawezi kuidai. Kustaafu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuomba uruhusiwe kuacha kazi. Kiinua mgongo ni malipo ya mkupuo anayopewa mfanyakazi anapoondoka kazini. Pensheni ni malipo ya kila mwezi. Ukaazi ni haki ya kuishi katika nchi. Uraia ni kuwa mwananchi wake. Mzee anayemfuata mwanawe ng'ambo ya mpaka hahitaji uraia mpya. Anahitaji ukaazi, na hapo ndipo penye kikwazo.

Wengi hudhani kwamba kikwazo hicho kimekwisha kuondolewa, kwa kuwa tangu 2014 Mnyarwanda, Mganda na Mkenya wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kuvuka si kukaa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatoa haki ya ukaazi katika Ibara ya 14. Inampa haki hiyo raia aliyeingia nchi nyingine mwanachama kama mfanyakazi au mtu aliyejiajiri, pamoja na mwenzi wake, watoto wake na wategemezi wake. Ukaazi wa kudumu umeachiwa sheria za kila nchi. Rudia kuisoma orodha hiyo: mstaafu hakutajwa. Akitaka kupita mlango huo, sharti aandikwe kuwa mtegemezi wa mwanawe, hata kama ana pensheni yake mwenyewe.

Nje ya itifaki, kila nchi ina utaratibu wake. Tanzania humweka mstaafu wa kigeni katika kibali cha ukaazi cha daraja C. Kenya ina kibali cha daraja K, ambacho kwa muda mrefu kimemtaka mwombaji awe ametimiza miaka 35 na awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Gawanya kwa 12, utapata dola 2,000 kwa mwezi. Ni mwalimu gani mstaafu wa Nyakiriba mwenye pensheni ya kiasi hicho? Kipimo hicho kilikatwa kwa mwili wa tajiri wa mbali, jirani hakimtoshi.

Jambo hili linanisikitisha zaidi nikikumbuka kwamba wazo la kumlinda mfanyakazi wa mpakani lilikwisha kuandikwa zamani, tena karibu na hapa. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ilizaliwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, na makao yake yakawekwa mjini humo. Mwaka 1978 wanachama wake, yaani Rwanda, Burundi na Zaire, walitia saini mkataba wa jumla wa hifadhi ya jamii. Msingi wa mikataba ya aina hiyo ni kujumlisha vipindi vya michango. Hapa Rwanda, pensheni ya kila mwezi humtaka mtu awe amechangia angalau miaka 15. Aliyepungukiwa hulipwa mkupuo. Basi mtu aliyechangia miaka 9 Rwanda na 8 Kongo, akipimwa kwa michango ya Rwanda peke yake, hafiki. Miaka ikijumlishwa, anapata 17 na anavuka kizingiti, kisha kila upande hulipa fungu lake.

Wapo watakaosema kwamba kuwafungulia wazee mlango ni kujitwika mzigo wa hospitali. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Hata hivyo, mstaafu mwenye pensheni hainyang'anyi nchi ajira, na fedha yake huitumia sokoni palepale anapoishi. Serikali ina haki ya kumdai bima ya afya na uthibitisho wa kipato kinacholingana na maisha ya hapa kwetu. Kumdai dola 2,000 kwa mwezi ni kumfungia mlango kwa adabu. Kwa maoni yangu, Jumuiya inapaswa kumtaja mstaafu kwa jina katika kanuni zake za ukaazi. Tena fomu zake ziwepo kwa Kiswahili, lugha ambayo bunge letu liliifanya rasmi mwaka 2017 na ambayo Jumuiya nayo iliipa hadhi hiyo mwaka 2021.

Sheria hubadilika polepole, na uzee haungoji. Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni yetu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nyaraka zisizoisha muda zitafutwe sasa: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, barua za ajira na taarifa ya michango kutoka RSSB au mfuko wa nchi nyingine. Zile zenye muda mfupi, kama cheti cha rekodi ya jinai na cheti cha daktari, ziombwe mwishoni, maombi yanapokaribia kupelekwa.

Zaidi ya yote, linganisheni majina. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo nchini Zaire. Ndiyo maana mzee aliyekulia huko anaweza kuwa Joseph katika cheti cha ubatizo, na Joseph huyo asionekane kabisa katika cheti cha shule. Kwa jirani ni mtu mmoja. Kwa karani wa uhamiaji ni watu wawili. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi wakati mwajiri angali hai na ofisi ingali na kumbukumbu zake. Baada ya miaka 20 hugeuka kuwa kesi.

Wewe mwanafunzi ndiwe msomaji wa nyumba yenu. Jumamosi hii waombe wazazi au babu na bibi ruhusa ya kufungua bahasha zao. Andika orodha ya kila karatasi: jina lilivyoandikwa, tarehe na ofisi iliyoitoa. Pale majina yanapopishana, weka alama, kisha mwende pamoja kwenye ofisi ya sekta kuuliza namna ya kurekebisha.