Tupige Picha za Maghala, Ila Tuulize Majina

Ukitaka kuchekwa na wenzako bwenini, waambie kuwa Jumamosi yako umeitumia kupiga picha za malori yakishusha shehena. Yamkini watakuuliza iwapo umetumwa na polisi au umeajiriwa na mwenye malori. Kwa mtazamo wa wengi, picha ni za arusi, za mahafali na za simba wa Maasai Mara. Nani basi atakayeimaliza betri ya simu yake kwa ajili ya mlango wa ghala, trela lililojaa vumbi na gunia la mchele? Mimi ni mmoja wao. Huu ni mwaka wa tatu wa uraibu wangu huu, na nia ya makala haya ni kuutetea na kuwaomba wanafunzi wenzangu wa Kiswahili waujaribu. Hata hivyo, nautetea kwa sharti moja, ambalo nilifunzwa kwa aibu.

Awali ya yote, si kweli kwamba huu ni mchezo wa watu wasio na kazi. Huko Ujerumani, mume na mke, Bernd na Hilla Becher, walianza mwaka wa 1959 kupiga picha za minara ya maji, matangi ya gesi, maghala ya nafaka na mitambo ya migodi. Wapita njia waliviona vitu hivyo kuwa vyuma tu. Wao walivipiga picha kwa utaratibu ule ule, kimoja baada ya kingine, kwa miongo kadhaa. Kazi yao ilichapishwa kitabuni mwaka wa 1970, na mwaka wa 1990 wakatuzwa katika maonyesho ya sanaa ya Venice. Mingi ya mitambo ile imekwisha kubomolewa, picha zimesalia.

Aliye na shaka kuhusu umuhimu wa jambo hili kwetu na azuru Mlolongo, mji unaopitiwa na msafiri atokaye Nairobi kabla hajafika Athi River. Jina lenyewe ni neno letu la Kiswahili. Lilitokana na foleni ya malori yaliyosubiri kupimwa uzito kwenye mizani iliyokuwapo hapo. Mizani ilihamishwa, foleni ikaenda nayo, jina likabaki. Nimewaomba jamaa kadhaa wanaoishi huko wanionyeshe picha ya mlolongo uliouzaa mji wao. Hawana. Picha za arusi wanazo tele.

Yaliyotukia Mlolongo yanaweza kutukia kwingineko. Tangu mwaka wa 2018, treni ya mizigo ya reli ya kisasa imekuwa ikibeba makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi. Serikali ilipoagiza mwaka wa 2019 kuwa makontena yaende kwa reli, wakazi wa Mombasa waliandamana, kwani riziki ya madereva, mataniboi, mafundi na wauza chakula ilikuwa mashakani. Agizo hilo liliondolewa mwaka wa 2022. Lakini kabla ya reli, kontena lenyewe lilikuwa limekwisha kuigeuza kazi ya makuli: mzigo uliobebwa gunia kwa gunia sasa huinuliwa na winchi pamoja na sanduku lake. Sisemi kuwa mabadiliko ni maovu. Mgongo wa mwanadamu haukuumbwa uwe winchi. Ninasema kuwa kazi inapobadilika, msamiati wake nao huyumba.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Chukua neno kibarua. Asili yake ni barua, kwa maana ya kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Kikaratasi kimetoweka, nalo jina limemhamia mtu aliyekishika. Vivyo hivyo, hamali, kuli, shehena, bohari na forodha ni maneno yaliyoingia lughani yakipitia jasho la watu kabla ya kufika katika kamusi zetu. Tumezichunguza kwa bidii methali za kwenye leso, na maandishi ya matatu nayo yamepata watafiti wake. Je, ni nani anayeyasikiliza mazungumzo ya mlangoni mwa ghala?

Nami sikuyasikiliza mwanzoni. Katika mwaka wa kwanza wa uraibu huu nilisimama ng'ambo ya ghala moja katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Lori lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi mlangoni, turubai limefunuliwa, na wanaume sita wakishusha magunia. Nilipiga picha kama arobaini pasi na kumsalimu yeyote. Bawabu akanijia: "Kijana, wewe ni wa gazeti au wa kodi?" Kabla sijajibu, mmoja wa wapakuaji, mzee mwenye mvi, alilitua gunia lake akaniuliza bila hasira: "Umetupiga picha tukiwa hivi, ukatuonyeshe kwa nani?" Sikuwa na jibu. Nilizifuta picha zile mbele yao, nikaondoka.

Juma lililofuata nilirudi, nikawaamkia, nikajieleza. Bawabu alimwita msimamizi, nikaruhusiwa. Baadaye niliwapelekea picha zao zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi. Mzee yule aliitazama yake kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya kitambaa kilichoviringwa kati ya kichwa chake na gunia. "Hiki kinaitwaje?" Nikamjibu, "Ni kitambaa, mzee." Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ngata. Huko chuoni mnasoma Kiswahili gani?" Wenzake wakaangua kicheko.

Neno ngata nililijua. Nililikariri shuleni kwa ajili ya mtihani, nikapata alama yangu, nikalisahau. Nilikuwa nimeipiga ngata picha, nisiitambue. Tangu siku hiyo, sipigi picha pasi na kuomba idhini, na siihifadhi pasi na kuandika kando yake majina ya vitu vilivyomo, jinsi wenye kazi wanavyoviita. Hilo ndilo sharti langu.

Wapo watakaopinga kwamba jambo hili ni hatari kwa usalama. Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, haina mzaha, na palipoandikwa kuwa picha ni marufuku, simu ibaki mfukoni. Aidha, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, awe waziri au hamali. Wengine watasema kwamba ni ukatili kujiburudisha kwa taabu ya mwingine. Hoja hii ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa maana ndiyo ya yule mzee. Jibu langu ni kuwa ukatili umo katika kupiga picha kwa kuiba, ukamfanya mtu kuwa pambo la picha yako. Anayeulizwa jina la chombo chake cha kazi hageuzwi pambo; anakuwa mwalimu.

Basi rai yangu kwa chama chetu ni hii. Kila mwanachama apige picha kumi kwa idhini katika likizo ijayo, iwe ni Marikiti alfajiri viazi vikishushwa, Bandari ya Kale huko Mombasa, au stoo ya mahindi kijijini kwao. Kila picha iandikwe mahali, mwaka na majina ya vitu. Wahadhiri wetu watusaidie kuyalinganisha na yaliyomo kamusini. Waliopigwa picha wapelekewe nakala zao. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, nasi lugha ndiyo mali yetu.

Naitua kalamu yangu hapa, kama mzee yule alivyolitua gunia lake, nikingoja nami kuulizwa.