Bega la Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilikuwa Kilangali, kule Kilosa, kumwona mama mdogo. Alipata kiharusi, na mkono wa kushoto bado haujarudi. Nilichokikuta kiliniliza: baba mdogo, mzee aliyekuwa hajui hata chumvi inakaa wapi, anamwogesha mkewe, anamchana nywele, na kila asubuhi anamnyoosha mkono. Nyie dada zangu mnaoniandikia kwamba wanaume hawajui kupenda, nendeni Kilangali.

Tatizo lilikuwa huo unyooshaji. Alikuwa anaushika kiganjani na kuuvuta juu mpaka mama anatokwa machozi. "Bila maumivu hauponi, mwanangu," akaniambia. Kumbe kafundishwa na binti yake, anayesoma fiziotherapia mwaka wa 1 huko Moshi. Na binti naye kaitoa kwenye video aliyoikuta mtandaoni, imetazamwa na watu kibao, akamrushia baba WhatsApp.

Nilimpigia, nikamuuliza swali moja tu: aliyesema hayo ni nani? Kimya. Baada ya saa nzima akapiga yeye, analia.

Alikuwa amekwenda kusoma bega upya. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa juu ya kisahani cha kahawa: kisahani ni kidogo, kinacholizuia chungwa lisianguke ni misuli. Kiharusi kikiilegeza, uzito wa mkono wenyewe unaushusha mfupa. Ukiuvuta juu hapo, unabana na kuumiza nyama za ndani. Ndiyo maana wataalamu wanaonya kabisa: mkono uliopooza hauvutwi.

Wanafunzi wengi wako kama yeye, vitabu vya rangi bei mbaya, bando ndiyo maktaba. Basi tuliyoyachambua usiku ule ni haya. Kwa mwili wenyewe, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, inatoa kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia bure. Pakua mara moja, soma bila bando. Gray's Anatomy ya mwaka 1918 nayo ipo bure, na michoro yake bado inafaa. Mifupa haijabadilika tangu hapo. Matibabu yamebadilika, kwa hiyo tiba usiitafute humo. Physiopedia inaandikwa na wanataaluma wa fani, ila teremka chini ya ukurasa uone wametegemea utafiti gani na wa lini. PEDro ya Australia, iliyoanza mwaka 1999, inayapa majaribio ya tiba alama hadi 10, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, maana haikuombi uamini tu. Halafu kuna Hinari ya Shirika la Afya Duniani, tangu 2002, inayofungua majarida ya kulipia kupitia vyuo. Muulize mkutubi wako nywila. Wengine wanamaliza chuo hawajamuuliza!

Kesho yake binti alimpigia baba yake mwenyewe, spika wazi, tukisikia sote. "Baba, nisamehe, nilikuelekeza vibaya."

Mzee hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na mto wake wa kulalia, akauweka chini ya mkono wa mkewe taratibu, kama anaweka yai. Kisha akaniuliza gari la kwenda hospitali linapita saa ngapi.